Julai Haikimbiwi Peke Yako

Kila Julai Nairobi hugeuka friji. Anga ni la kijivu, jua linachungulia saa nane mchana kama mgeni asiyetaka kukaa, na kila mtu unayemjua ana mafua. Ni katika baridi hii rafiki yangu mmoja, mkimbiaji mzuri tu, aliniambia kikundi chetu ni cha watu wa picha. "Mkimbiaji wa kweli hukimbia peke yake," akasema. "Nyinyi mnatafuta umati." Nimekaa na maneno hayo wiki nzima. Leo namjibu.

Bro, tuambiane ukweli. Anayekimbia peke yake saa kumi na moja na nusu alfajiri katika jiji hili mara nyingi ni mwanamume, na pengine mtaa wake una geti na taa. Sisi tunakutana Roysambu, tunafuata Kamiti Road hadi Kahawa West, kisha tunarudi. Saa hiyo bado ni giza. Njia ya miguu inaanza, inapotea, inaishia mtaroni. Nduthi inakuja upande usio wake, bila taa. Kuna mbwa. Kuna jamaa amesimama kando ya ukuta, na hujui kama anangoja matatu au anakungoja wewe.

Dada mmoja kwenye kikundi chetu aliishi huku miaka mitatu, viatu vya mbio vikiwa ndani ya boksi. Alikuwa anakimbia kwenye korido ya ploti, hatua ishirini kwenda, ishirini kurudi, mpaka jirani wa chini akalalamika. Mwambie huyo eti mkimbiaji wa kweli hukimbia peke yake. Unachokiita ushujaa ni anasa, na si wote tunaimudu.

Halafu kuna baridi yenyewe. Nikiwa peke yangu, alamu ikilia, blanketi huwa na hoja nzito kuliko zangu. Lakini nikijua kuna watu wamesimama kwenye kituo cha mafuta, mikono kwapani, wakihesabu nani hajafika, naamka. Kilomita ya kwanza hakuna anayeongea. Pumzi zinatoka kama mvuke wa sufuria. Tukipita Zimmerman masikio yanauma. Tukifika Githurai 44 mtu ameanza stori ya landilodi wake, tunacheka huku tunahema, na masweta yamefungwa kiunoni. Mwezi ule ule unaoulaani kitandani, barabarani unakuwa mtamu.

Na usiniambie ni mambo ya wanaoanza. Nenda Iten alfajiri uone mabingwa wakipita kwa makundi. Au mkumbuke Eliud Kipchoge kule Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, alipomaliza marathoni kwa 1:59:40. Wakimbiaji 41 walipokezana kumwekea kasi na kumkinga upepo. Sisi tunaipenda ile picha ya mwisho, yeye akiwa mbele peke yake, kidole juu. Tunasahau kwamba walimwachia njia makusudi, baada ya kumleta hadi pale.

Hata hivyo, mahali pamoja umesema kweli. Kuna vikundi ambavyo wa mwisho huachwa gizani huku wenye kasi wakishapiga picha na kuagiza chai. Hivyo si vikundi. Ni wapweke waliovaa tisheti moja. Kwetu sheria ni moja tu: mwenye kasi akifika mwisho, anageuka kumfuata aliye nyuma. Hakuna anayemaliza mpaka wote tumemaliza. Saa yako ya mkononi itakuambia tumepoteza dakika. Sawa, tumezipoteza. Lakini yule dada wa korido hajakosa Jumamosi hata moja tangu Mei.

Tukirudi Roysambu kunapambazuka. Kuna mama anauza uji stendi, naye ameamka kabla yetu sote. Tunashika vikombe kwa mikono miwili, vidole vinapata uhai, na mtu anakopa mandazi atalipa wiki ijayo.

Basi njoo Jumamosi, saa kumi na moja na nusu. Njoo hata na mafua yako. Ukichelewa tutakungoja dakika tano, na ukiishiwa pumzi pale Githurai, mtu atageuka kukufuata.