Mezani kwa Karani: Je, Kijana Aingie Jeshini?

Mwaka 2025, tangazo la kuandikisha askari lilipotoka, alinijia ofisini mzee mmoja wa huku kwetu Malili pamoja na mwanawe aliyemaliza kidato cha nne. Mzee hakuwa na maneno mengi. Alitaka nimwandikie hati ya kuuza mtamba wake, ili apate fedha za kumpa bwana mmoja aliyekutana naye hotelini, ambaye aliahidi kumpatia kijana barua ya kwenda Eldoret kufunzwa uaskari.

“Karani,” akasema, “sisi Wakamba ni watu wa jeshi tangu zamani. Babu yake huyu alikwenda Burma. Kwa nini yeye akae hapa bure?”

Hati sikuiandika. Nalimwomba aketi, nikaagiza chai, maana jambo la namna hiyo halimalizwi watu wakisimama. Tulizungumza karibu saa nzima, na waliokuwa wakingoja nje walininung'unikia sana. Nawaomba radhi.

Kwanza habari ya barua. Jeshi letu latangaza kila mara kwamba kuandikishwa ni bure. Kijana atakiwa awe raia wa Kenya mwenye umri wa miaka 18 hadi 26, asiwe amepata kuhukumiwa kwa kosa la jinai, na awe amepata angalau D katika mtihani wa KCSE. Mwanamume asipungue kimo cha mita 1.60, na mwanamke mita 1.52. Siku ya kaunti ndogo yake hufika mwenyewe, na kitambulisho na vyeti vyake halisi mkononi. Hukimbia, hupimwa afya, na akichaguliwa hupewa barua na maofisa wenyewe. Hata hivyo, mara kwa mara wako vijana wanaofika Eldoret na barua za bandia wakakamatwa pale pale. Basi fikirini: ng'ombe amekwenda, fedha zimekwenda, na mtoto yumo kizuizini akiulizwa barua aliipata wapi.

Mzee alilielewa hilo upesi kuliko nilivyotazamia. Lakini lile neno lake la kwanza, kwamba sisi ni watu wa jeshi tangu zamani, ndilo lililonikaa moyoni, kwa sababu nimelisikia tangu utotoni, na nadhani limewapeleka vijana wengi jeshini bila ya kujiuliza swali hata moja.

Jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee waliliita Keya, liliundwa mwaka 1902. Katika Vita Kuu ya Kwanza wengi wa watu wetu hawakupewa bunduki bali mizigo. Walikuwa wapagazi, na jina la kikosi chao limebaki Nairobi hata leo katika mtaa wa Kariokor. Maelfu kwa maelfu walikufa, zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Waliorudi hawakuwa na sababu ya kuwasifia wana wao kazi ile.

Kisha ikaja miaka ya 1930, yenye ukame na nzige, na udongo ukachukuliwa na maji. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamuru ng'ombe wa Wakamba wapunguzwe, ikawakamata na kuwauza kwa nguvu. Muindi Mbingu akawaongoza watu wake, wanaume kwa wanawake, wakaenda Nairobi wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa wakimngoja Gavana awasikilize. Yeye alikamatwa akahamishwa Lamu, lakini kule kuuza kwa nguvu kuliachwa. Mwaka uliofuata vita vya pili vikaanza, na vijana wa Ukambani wakaandikishwa kwa wingi sana.

Maofisa wa Kiingereza waliutazama wingi huo wakasema kwamba kabila hili limezaliwa kuwa askari. Sifa hiyo ni tamu, nasi tukaipokea kama urithi. Lakini mtu ye yote ambaye shamba lake limekauka, na kodi yamngoja, akionyeshwa mshahara unaopita ule wa kibarua wa shamba la mzungu, pamoja na chakula na nguo, ataandika jina lake. Hakuna haja ya kuitafuta sababu katika damu yake.

Wala siwadharau wazee wetu kwa kusema hivyo. Walipigana Ethiopia mwaka 1941 na Madagascar mwaka 1942. Mwaka 1944 walipita bonde la Kabaw huko Burma katika mvua na matope na malaria, na mwezi wa Desemba wakavuka mto Chindwin. Wengine hawakufika. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na manowari ya Kijapani ikazama kwa muda usiozidi dakika chache. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, na miongoni mwao mamia ya askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Huku kwetu mtu akitaka kumshawishi kijana humtaja Jenerali Jackson Mulinge, aliyeingia Keya mwaka 1942 akapanda hata akawa mkuu wa majeshi yote ya Kenya. Ni mfano wa kweli na wa heshima. Wale wa meli hatuwataji.

Basi nalimgeukia kijana, ambaye mpaka wakati huo hakuwa ameulizwa neno. Nikamwuliza: “Kama ungalipewa hapa Konza kazi yenye mshahara ule ule, je, ungalikwenda jeshini?” Naliuliza hivyo kwa sababu Konza twaiona kwa macho. Ni mji wa teknolojia ulioanzishwa rasmi Januari 2013 juu ya ekari 5,000 zilizokuwa za ranchi ya Malili, na wengi wetu tungali twangoja kuona utawaajiri vijana wetu wangapi.

Kijana alinyamaza kitambo. Kisha akasema, “Ningalikwenda, mzee. Nataka kuwa mahali ambapo mtu akiamka ajua atakalofanya. Tangu nimalize shule nakaa barabarani kutazama malori ya Mombasa.”

Jibu hilo lilinipendeza kuliko habari zote za Burma. Lilikuwa lake mwenyewe.

Mama yake alikuwa nje, ameketi kwenye benchi na kikapu chake. Naliomba aingie. Mzee hakufurahi sana, lakini alinyamaza. Mama hakusema mengi ila jina moja: El Adde. Wasomaji wanakumbuka kwamba majeshi yetu yaliingia Somalia Oktoba 2011, na kwamba tarehe 15 Januari 2016 kambi ya El Adde ilishambuliwa na askari wetu wengi wakauawa. Alisema kwamba jirani yake mmoja alikaa na redio siku nne bila ya kula vizuri, akingoja kujua kama mwanawe yu hai.

“Na akiona hawezi,” akauliza, “ataruhusiwa kurudi nyumbani?”

Nalimjibu kweli. Jeshi si kama ofisi yangu, ambapo mtu aliyechoka huandika barua ya kujiuzulu akaenda zake. Askari hufungwa na Sheria ya Majeshi ya mwaka 2012, na mwenye kutoroka hushtakiwa. Atapelekwa anakopelekwa, akipenda asipende. Upande wa pili, kuna mshahara usiokawia, matibabu, na pensheni kwa atumikiaye muda wake, na wengi hujifunza ufundi unaowafaa wakitoka. Mama alisikiliza yote. Akasema kwamba hakatai, ila hataki aambiwe baadaye kwamba hakuulizwa.

Mimi mwenyewe nalipomaliza shule nalitamani sana magwanda, lakini macho yangu hayakufaa, na labda ndiyo sababu nasema maneno mengi hivi nyuma ya meza.

Tulipatana hivi: mtamba abaki zizini, kijana aende siku yao kwa miguu yake na vyeti vyake tu, asipochaguliwa aingie chuo cha ufundi, maana ada ya muhula mmoja yaweza kupatikana kwa kuuza ndengu na mbuzi wawili. Alikwenda, akakimbia vizuri, akapita kwa madaktari. Lakini waliofaa walikuwa wengi kuliko nafasi, naye akarudi jioni na vumbi hata nyusini. Januari 2026 alianza masomo ya umeme. Asema atajaribu tena tangazo litakapotoka, kwa kuwa umri wake wamruhusu, na baba yake hapingi.

Mtamba ana mimba. Yule bwana wa hotelini bado huonekana sokoni, na juma lililopita alikuwa akizungumza na mzee mwingine.