Kodi ya Marekani: "Mtaalamu" Wetu Hasaini, Unayesaini ni Wewe



Tumeandika sana kuhusu kodi za nyumbani: nani kala, mkataba gani wa madini, TRA wanabana mmachinga huku wakubwa wanapita. Tuendelee tu, hiyo vita haijaisha. Leo lakini naomba tuongelee kodi tunayolipa sisi wenyewe huku Marekani, ambayo wengi wetu tunaijaza kimyakimya sebuleni kwa mtu mmoja "anayejua". Na kwa kuwa sipendi mtu anayewasema wenzake akajiacha, nianze na mimi.

Nilifunga ndoa Mwanza Desemba 2017. Siku kumi baadaye nikarudi zamu zangu Virginia, mume akabaki. Februari nikaenda kwa kaka mmoja, Mtanzania mwenzetu (jina simtaji na wala msiulize), aliyekuwa anajazia watu ritani sebuleni kwake. Foleni ilifika mpaka kwenye ngazi. Nikamwambia nimeolewa. Akasema, "Mume hayuko Marekani, hahesabiki." Akaweka sina ndoa. Akauliza kama kuna mtu namtunza, nikasema mama, namtumia kila mwezi, na kanisa la kijijini pia nalichangia. Akacheka, akasema, "Hiyo si ni sadaka dada yangu?" Akaandika maelfu ya dola kwenye misaada ya hisani. Nikarudishiwa hela nzuri. Yeye akachukua asilimia yake, na pale penye jina la aliyetayarisha ritani akaacha wazi, kana kwamba nimejaza mwenyewe. Mwaka uliofuata nikarudi tena, na nikampeleka rafiki yangu.

Nina digrii ya uuguzi. Nasoma chati ya mgonjwa yenye dawa kumi na nne na nikiona mbili zinazogombana namwamsha daktari usiku. Lakini ile karatasi ya kurasa mbili sikuisoma. Niliangalia mstari mmoja tu, ule wa "utarudishiwa".

Mwaka 2019 nikaanza kumwombea mume viza. Fomu ya udhamini, I-864, inataka uambatanishe ritani yako ya kodi. Mwanasheria akaziangalia, akavua miwani, akaniuliza: "Huku unasema wewe ni mke wa mtu, huku umeiapia serikali kwamba huna ndoa. Afisa wa viza aamini ipi?" Jamani, nilitetemeka. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba kwa mshahara wangu wa wakati ule, kuandika sina ndoa badala ya kuolewa na kujaza peke yangu hakukunipunguzia kodi hata senti. Ulikuwa uwongo wa bure. Ile "sadaka" ndiyo iliyoleta hela, nayo nikairudisha yote kwa fomu ya 1040-X, miaka miwili, ya shirikisho na ya Virginia, pamoja na faini na riba. Zaidi ya dola 4,000. Mume alifika 2021. Sehemu ya kuchelewa ni corona, sehemu ni mimi.

Yule kaka hakupata barua yoyote. Sheria iko hivyo: aliyesaini ndiye mwenye ritani. Anayejazia watu kwa malipo anatakiwa awe na namba ya IRS inayoitwa PTIN na asaini. Asiyetaka kusaini ameshakuambia kila kitu. Zaidi ya hapo msitegemee serikali iwachujie. IRS walijaribu kuwalazimisha watayarishaji wote wafanye mtihani, wakashtakiwa, wakashindwa mahakamani mwaka 2013 na tena kwenye rufaa 2014. Kwa hiyo aliyekuwa anauza simu jana anaweza kuwa mtaalamu wa kodi kesho.

Sasa kwa nini sisi tunanasa kirahisi hivi? Nimelifikiria sana. Mtanzania aliyeajiriwa nyumbani anakatwa PAYE na mwajiri, mchezo umeisha. Unaweza kufanya kazi Muhimbili miaka ishirini bila kujaza ritani hata moja ya mshahara. Wakenya wana nafuu kidogo, maana kila mwenye PIN ya KRA lazima ajaze kabla ya tarehe 30 Juni hata kama hana kipato (na wanajaza wote usiku wa mwisho, mtandao unalia). Sisi tunatua Dulles tukidhani kukatwa kwenye mshahara ndiyo kulipa kodi. Halafu kuna aibu. Kumuonyesha mtu W-2 yako ni kumuonyesha mshahara, ndoa, hali ya makaratasi. Tunaona afadhali aone mmoja tu, tena wa kwetu.

Tangu yaliponikuta nimekuwa najitolea VITA, ile huduma ya bure ya kujaza ritani ambayo IRS wanaiendesha kupitia watu wa kujitolea tangu miaka ya 1970. Unasoma, unafanya mtihani, ukifaulu unakaa mezani. Kwa hiyo ninayoyasema hapa chini nimeyaona kwa macho, tena mara nyingi.

La kwanza kila mwaka ni mama. "Mama yangu simlishi mimi? Kwa nini simuweki kuwa mtegemezi?" Unamlisha, ndiyo. Lakini sheria inataka mtegemezi awe raia wa Marekani au mkazi wake, au basi mkazi wa Kanada au Mexico. Mama wa Toronto anaweza kuingia, mama wa Guadalajara anaweza kuingia, mama wa Sengerema aliyeko Sengerema haingii. Mimi naona ni uonevu, na mwenye kura hapa amwandikie mbunge wake wa Congress. Ila ukimuweka kwa hila leo, unayedaiwa kesho ni wewe, si Congress. Kadhalika sadaka ya kanisa au msikiti wa nyumbani, mchango wa harusi, rambirambi: havipunguzi kodi. Mpaka taasisi iwe imetambuliwa na IRS hapa. Na tukiwa kwenye hela za kutuma: kuanzia 1 Januari 2026 ukituma nyumbani kwa pesa taslimu, mani oda au hundi ya benki unakatwa asilimia 1. Ukituma kutoka akaunti yako ya benki ya hapa au kwa kadi ya benki ya hapa, hukatwi. Bado naona watu wamebeba noti mkononi kwenda kutuma.

La pili ni la sisi wa huku DMV. Ninakaa Springfield, napanda Metro Franconia, nashuka DC kazini. Wengi wetu ni hivyo, au tunavuka kwenda Maryland. Mshahara unalipiwa kodi ya jimbo unakoishi, si unakofanya kazi. Lakini usipomjazia mwajiri wa DC fomu D-4A siku ya kwanza, anaweza kukukata kodi ya DC mwaka mzima. Aprili unagundua Virginia inakudai yote, huku hela zako ziko DC. Utazipata kwa fomu D-40B, ila Virginia haikusubiri DC wakulipe. Mama mmoja alikuja analia, dola 3,000 anadaiwa na hela hizohizo ameshakatwa. Kwa Maryland fomu ni MW507. Nendeni kesho HR mkaulize, ni dakika tano. Na kumbukeni Virginia mwisho ni 1 Mei, si 15 Aprili kama ya shirikisho.

La tatu linanigusa kama nesi. Ejensi za kutunza wazee majumbani zinawapa dada zetu fomu 1099 badala ya W-2, yaani zinadai wewe ni mkandarasi wa kujitegemea. Unafurahi hujakatwa kitu. Mwisho wa mwaka unakuta unalipa peke yako asilimia 15.3 ya Social Security na Medicare, ambayo kwa mwajiriwa mwajiri analipa nusu, na kodi ya mapato iko pembeni. Jiulizeni: mkandarasi gani anapangiwa saa ya kuingia, bei na mgonjwa? Januari 2022 mahakama ya shirikisho hapahapa Virginia iliamua kwamba wauguzi na wasaidizi wapatao 1,100 wa kampuni moja ya Norfolk walikuwa waajiriwa, si makandarasi, na kampuni iwalipe mamilioni ya dola. Rufaa ikathibitisha 2023. Kesi ile ilikuwa ya ovataimu, si ya kodi, lakini inaonyesha kwamba jina lililoandikwa kwenye mkataba si neno la mwisho. Upande wa kodi, kuna fomu SS-8 ya kuwaomba IRS waamue wewe ni nani, na 8919 ya kulipa nusu yako tu. Nimewaeleza wadada wengi. Wanaoijaza ni wachache, wanaogopa kukosa zamu. Siwalaumu. Ila angalau tenga hela kila wiki, na andika maili unazoendesha kati ya mgonjwa na mgonjwa, maana hizo zinapunguza.

Halafu kuna wale wanaokaa kimya kabisa kwa sababu hawana hela ya kulipa. Hili ndilo kosa linaloumiza kuliko yote, na linarekebishika kwa urahisi kuliko yote. Faini ya KUTOPELEKA ritani ni asilimia 5 ya deni kwa mwezi, mpaka 25. Faini ya kupeleka bila kulipa ni nusu ya asilimia moja kwa mwezi. Peleka ritani, halafu omba kulipa kidogokidogo. Fomu 4868 inakupa mpaka 15 Oktoba kujaza, lakini haikupi muda wa kulipa.

Wenye akaunti nyumbani, CRDB, NMB au kwingine: zikijumlishwa zikapita dola 10,000 hata kwa siku moja ndani ya mwaka, kuna taarifa inaitwa FBAR. Mnaojenga, angalieni hapo, hela ya bati na saruji huwa inapita kiwango bila mwenyewe kujua. Nyumba ya kupangisha Mbezi nayo ni kipato hapa. VITA hawagusi hilo, tafuteni wakala aliyesajiliwa na IRS, mlipe, asaini.

Kwa ndugu zetu wasio na makaratasi, mambo yamekuwa magumu. Kwa miaka mingi tuliwaambia wajaze kwa namba ya ITIN bila hofu. Aprili 2025 Wizara ya Fedha na ile ya Usalama wa Ndani zilisaini makubaliano ya kupeana taarifa za walipa kodi kwa ajili ya uhamiaji, na jambo likaenda mahakamani. Siwezi kumwambia mtu jaza au usijaze kutoka kwenye kiti changu. Aongee kwanza na mwanasheria. Kuna kliniki za kodi za watu wa kipato cha chini. Ya Richmond, Community Tax Law Project, ilianzishwa 1992 na Nina Olson, ambaye baadaye akawa mtetezi mkuu wa walipa kodi ndani ya IRS yenyewe. Hizi pia ndizo za kukimbilia ukipata barua na huna uwezo.

Kwa wengine: msimu wa 2025 VITA walihudumia watu wa kipato cha kama dola 67,000 kushuka chini, na programu za bure za Free File ziliishia dola 84,000. Kiwango hubadilika kila mwaka, ulizeni. Majirani zetu wa Maryland mwaka 2025 waliweza kujaza moja kwa moja kwa IRS kupitia Direct File. Virginia hatukuwemo, na sasa imefutwa kwa wote. Simu za IRS nazo msizitegemee sana, walipoteza takriban robo ya wafanyakazi mwaka huohuo. Kwa hiyo njooni Februari. Msije tarehe 14 Aprili na mfuko wa plastiki.

Sasa nafika kwenye hoja. Jumuiya zetu hapa DMV zikisikia msiba, ndani ya siku mbili hela ya kusafirisha mwili imepatikana. Nimeshuhudia, na najivunia. Jumuiya hizohizo, kwa miaka yote niliyokaa hapa, hazijawahi kuitisha kikao kimoja cha kodi. Viongozi wanatualika kuonana na mawaziri wanaopita Washington, tunapiga picha, tunaongea uraia pacha. Sipingi. Lakini mbona aliyekosa uraia wa hapa kwa sababu ya ritani tunamjadili kwenye kichen pati tu?

Napendekeza kila jumuiya itoe watu watano wasome na kufanya mtihani wa VITA kabla ya Januari, wanaojua Kiswahili, ili bibi aliyekuja kulea wajukuu na kijana wa Uber wasaidiwe na mtu anayewaelewa, bila malipo, na ambaye jina lake liko mezani. Ukumbi upo, maktaba za Fairfax zinatoa vyumba. Mimi wa kwanza, nahitaji wanne wa Springfield na Alexandria. Yule rafiki yangu niliyempeleka kwa kaka ameshakubali kuwa wa pili, baada ya kuninunia miaka miwili.

Naomba kutoa hoja.