Kadi za migomba zina nafasi darasani

Wahenga waliponena kwamba mwana wa nyoka ni nyoka, hawakuwa wakizungumzia migomba. Hata hivyo, ni vigumu kupata kiumbe katika mashamba ya Meru na Embu kinachoitimiza methali hiyo kama mgomba. Chipukizi linalochomoza kando ya mama yake halina baba. Ni mama yuleyule aliyejitokeza mara ya pili. Ndizi tunazokula hazina mbegu za kuota, kwa hivyo mkulima hung'oa chipukizi, akalihamishia shimo jingine, na shamba likajaa nakala za mgomba mmoja.

Nayasema haya kwa sababu ya mjadala ninaousikia kila mara miongoni mwa walimu wenzangu wa Biolojia. Je, inafaa mwalimu aingie darasani na kadi ili wanafunzi wajifunze uzazi usio wa kijinsia kwa kucheza? Wako wanaosema kwamba karata ni kamari, na kwamba mzazi wa Igembe au Runyenjes hakuchuma majani chai alfajiri ili mwanawe akafundishwe kamari. Wako pia wanaolalamikia muda. Mimi nashikilia kwamba kadi hizo zinafaa, na zinafaa huku kwetu kuliko kwingi, mradi zichorwe mimea tuliyo nayo.

Hebu tuangalie mada hii inavyofundishwa kwa kawaida. Somo huanza kwa amiba anayejigawa mara mbili, likaja kwa hamira inayochipuza na kuvu ya mkate, kisha likaishia kwenye orodha ya faida na hasara. Mwanafunzi huandika kwamba hasara mojawapo ni ukosefu wa tofauti, akapewa alama yake, asijue ameandika nini. Jioni anarejea nyumbani akipita katikati ya chai iliyopandwa kwa vipandikizi, nyasi za nepia zilizopandwa kwa vipande vya shina, nduma, mihogo na viazi vitamu. Amelizunguka somo lote kwa miguu wala hakulitambua.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Kadi hukatwa kutoka kwa makatoni matupu. Kila kadi huchorwa mmea na kuandikwa alama zake: kuna alama ya kustahimili kiangazi, ya kustahimili baridi, na ya kustahimili kuvu. Hakuna mmea unaoanza ukiwa na zote. Mchezaji anayechagua njia ya machipukizi hunakili kadi zake zote kila zamu, bila kubadilisha chochote. Kadi 1 huwa 2, kisha 4, kisha 8, na kufikia zamu ya nne ni 16. Mwenzake aliyechagua njia ya mbegu hana budi kutafuta jirani, wakachanganya alama zao kwa kupiga kura, na kila uzazi humla zamu mbili. Zamu ya nne inapokwisha ana kadi 4, na hakuna inayofanana na nyingine.

Hapo mwenye 16 hujisifu sana. Ndipo mwalimu anapofunua kadi ya tukio, ikawa ni kuvu ya udongoni. Asiyekuwa na alama hiyo kwenye kadi ya kwanza hana hata kadi moja ya kuokoa. Wa mbegu hubakia na mbili, pengine tatu.

Hapa nina onyo kwa walimu wenzangu. Msipange matukio ili wa machipukizi ashindwe kila mara, kwani huo utakuwa uongo. Tukio likiwa kiangazi, na mama alikuwa na alama ya kiangazi, kadi zote 16 husalimika. Mkulima anayeuza majani yake katika kiwanda cha Githongo au Rukuriri si mjinga kupanda vipandikizi. Anajua hasa atakachovuna, jambo ambalo mbegu haimwahidi. Kwa upande mwingine, kahawa ya Ruiru 11, waliyopewa wakulima mwaka wa 1985, ilipatikana kwa kuchavusha aina mbalimbali ili kuunganisha uwezo wa kustahimili magonjwa. Nakala peke yake isingeizaa.

Wanaodhani kwamba hayo ni mambo ya kuchezea tu na wakumbuke Ireland. Maskini wa huko walitegemea mno aina moja ya viazi, iliyopandwa kwa vipande vya viazi hivyo hivyo mwaka baada ya mwaka. Ugonjwa ulipoingia mwaka wa 1845, sehemu kubwa ya viazi ilioza. Katika miaka iliyofuata watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama nchi. Ndizi nazo zina kisa chao. Mashamba makubwa ya Amerika ya Kati yaliyopandwa aina ya Gros Michel yaliangamizwa na ugonjwa wa Panama, hata kufikia miaka ya 1960 wenye mashamba wakageukia Cavendish. Sasa ipo namna nyingine ya kuvu hiyo inayoishambulia Cavendish yenyewe, nayo ilipatikana Msumbiji mwaka wa 2013.

Lakini jambo linalonifanya niupiganie mchezo huu ni doa. Mwalimu hutia nukta ya kalamu nyuma ya baadhi ya kadi kabla ya mchezo kuanza. Anayenakili kadi yenye doa hunakili na doa lake, na baada ya zamu mbili kadi hizo hufa. Hivi ndivyo ilivyo shambani. Jirani mwema anakupa chipukizi bila malipo, na pamoja nalo anakupa kuvu, minyoo ya mizizi na fukusi. Viazi vya mbegu vinavyotoka kwenye shamba lenye mnyauko hufanya vivyo hivyo.

Kisha iko kadi ya maabara. Tangu miaka ya 1990 miche ya migomba inayokuzwa maabarani kutokana na tishu imewafikia wakulima wetu. Katika mchezo, kadi hiyo humgharimu mchezaji zamu nzima na humwondolea doa. Haimwongezei alama hata moja! Nimewasikia watu wazima, wengine wao walimu, wakisema kwamba mgomba wa maabara haushikwi na ugonjwa. Mche huo ni safi, basi. Ukipandwa katika udongo wenye kuvu, nao ni wa aina isiyoistahimili, utanyauka kama mwingine wowote, na pesa za mkulima zimekwenda. Kijana aliyepoteza kadi zake kwa njia hiyo hahitaji kukaririshwa tofauti baina ya usafi na ustahimilivu. Atakwenda kumweleza mama yake kabla hajanunua miche.

Kuhusu kamari, hakuna senti inayowekwa mezani, na mzazi mwenye shaka na aalikwe aketi acheze. Kuhusu muda, vipindi viwili vya dakika 40 vinatosha. Darasa la wanafunzi 60 ligawanywe makundi 12, kila kundi na kadi zake. Mtaala wa Umilisi, unaochukua nafasi ya ule wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985, unadai mwanafunzi atende. Walimu wa Kibirichia na Timau wanaweza kuchora viazi badala ya migomba.

Nimeulizwa kama miraa ya Nyambene na muguka wa Mbeere uwekwe kwenye kadi. Nadhani uwekwe. Hupandwa kwa machipukizi, na mwanafunzi wa Maua anaujua mti huo kuliko anavyomjua amiba. Mwalimu mkuu akikataa, ziko nduma.