Watoto Waandike Maneno Yao Wenyewe

Kila mwaka, tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, watoto wa shule za msingi hapa Kampala husimama mbele ya wageni wakasoma insha juu ya haki. Insha hizo ni safi mno. Mtu hutambua mara moja kuwa mwalimu ndiye aliyeziandika.

Yafaa tukumbuke asili ya siku hiyo. Mwaka 1976 watoto wa Soweto walitoka barabarani kwa kuwa serikali iliwalazimisha kusoma masomo kadhaa kwa Kiafrikana, nao wakapigwa risasi. Maneno waliyosema yalikuwa yao.

Sisi wa darasa la juu huenda Bwaise Jumamosi kusaidia watoto kusoma. Ukimwambia mtoto aandike juu ya "dunia yenye haki", hutafuna kalamu tu. Lakini mwulize, "Ni jambo gani uliloona ukasema hili si haki?" Hapo kalamu hukimbia. Mmoja aliandika kwa Kiganda kwamba mvua ikinyesha maji huingia kwao, na kule mlimani Kololo hayaingii. Akiwa mkubwa atachimba mfereji, aanzie Bwaise. Je, wazee wa mji wana shauri bora?

Basi nawasihi walimu, wino mwekundu ungoje. Mtoto aandike kwanza kwa lugha ya mama yake. Wapo watakaosema tunawafundisha watoto kulalamika. Na walalamike! Shule zetu zilifungwa tangu Machi 2020, zikafunguliwa kwa wote Januari 2022, na sikumbuki mtu aliyeniuliza mimi wala rafiki zangu tulionaje.