Tangi la matumbawe sebuleni: gharama ndogo, dhamana kubwa

Anayeishi Mji Mkongwe wa Zanzibar anaishi ndani ya matumbawe, ingawa pengine hajapata kulifikiri jambo hilo. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe, na chokaa inayoyashika imetokana na mawe hayo hayo yaliyochomwa katika tanuu. Basi mwanangu, aliye darasa la tano, aliponiuliza iwapo twaweza kuotesha tumbawe lililo hai ndani ya nyumba iliyojengwa kwa yaliyokufa, sikuona sababu ya kumkatalia. Tukaunda tangi la kioo, tukalijaza maji ya bahari.

Siku ya tatu tulikwenda kuogelea mahali penye mwamba, na mtoto akarudi na kitawi cha tumbawe chenye urefu wa kidole, amekificha ndani ya taulo. Nilikiona, nikanyamaza, kwa kuwa nami nilikuwa na hamu ya kukiona kimesimama chini ya taa. Usiku wa pili kilianza kutoa utelezi. Siku ya nne kilikuwa cheupe kama mfupa, na maji yananuka.

"Baba, kimekufa kwa sababu gani?" aliniuliza.

Sikuwa na jawabu ila la kweli: kimekufa kwa sababu mimi nilikuwa na haraka, na kwa sababu nilinyamaza. Makala ya leo ni malipo ya deni hilo. Wako wazazi wengi mijini ambao wangependa watoto wao waijue bahari wakiwa nyumbani, na kipato chao ni cha mshahara. Jambo hilo lawezekana, lakini lina utaratibu wake.

Kwanza tujue tunamlea nani. Tumbawe si jiwe wala si mmea. Ni jamii ya vinyama vidogo vilivyoshikana, vinavyojijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kuwagawia wenyeji wake. Maji yakizidi joto, vinyama huutoa mwani huo, na tumbawe hupauka. Joto lisiposhuka upesi, hufa. Hivyo ndivyo yalivyokufa matumbawe mengi ya magharibi ya Bahari ya Hindi mwaka 1998, na mwaka 2024 wataalamu walitangaza upaukaji wa nne wa dunia nzima. Aina zenye matawi huweza kurefuka sentimita 10 au zaidi kwa mwaka, lakini yale manene ya mviringo hupata sentimita 1 hivi tu. Kitawi alichokivunja mwanangu kwa sekunde moja kilikuwa kazi ya bahari ya miezi mingi.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Vitu vya kununua ni vya namna nne: kioo na gundi yake, pampu ya kuzungusha maji, taa, na vipimo. Fundi vioo wa mtaani anaweza kuunda tangi la urefu wa sentimita 60, upana 40 na kimo 30, kwa kioo cha unene wa milimita 6. Gundi iwe silikoni isiyotiwa dawa ya kuua kuvu, maana dawa hiyo huua pia viumbe vya tangini. Likiisha kukauka, lijazwe maji ya bomba na kuachwa uani siku kadhaa ili kuona kama linavuja.

Ukilijaza hadi kimo cha sentimita 25, tangi hilo huchukua lita 60. Ukiongeza kioo na mawe, uzito wote hukaribia kilo 90. Wenzangu wa ghorofani Mji Mkongwe wakumbuke kwamba sakafu zetu zimebebwa na boriti za zamani. Tangi liwekwe kando ya ukuta mnene, juu ya meza imara, wala si katikati ya chumba.

Maji tumejaaliwa bure, lakini si kila maji ya bahari yanafaa. Tusichote Forodhani wala karibu na bandari ya Malindi, penye mafuta ya vyombo na mifereji ya mji. Afadhali kumwomba mvuvi atuchotee mbali na pwani wakati maji yanajaa, tena si baada ya mvua kubwa za masika, kwani mvua hupunguza chumvi ya maji ya juu. Maji mazuri yana chumvi ya gramu 35 hivi katika kila lita, na kipimo cha kuhakikisha jambo hilo kisikosekane katika manunuzi yetu.

Hapa ndipo wengi hukosea. Maji yakipungua tangini, yaliyoondoka ni maji matupu. Chumvi yote imebaki. Lita 60 zikishuka kuwa 58, chumvi hupanda kutoka gramu 35 hadi zaidi ya 36 kwa lita. Kwa hiyo upungufu wa kila siku hujazwa kwa maji safi yaliyochujwa, yasiyo na chumvi wala klorini, na si kwa maji ya bahari. Maji ya bahari ni ya kubadilishia: mara moja kwa wiki ondoa lita 6, utie lita 6 mpya. Hayo mapya ndiyo huleta madini ya kujengea mifupa ya tumbawe.

Mawe ya tangini yasitoke baharini. Unguja yetu yenyewe imesimama juu ya matumbawe ya kale, na penye machimbo au msingi wa nyumba mawe hayo yanapatikana, mepesi na yenye vitundu vingi. Yachaguliwe yasiyoguswa na saruji, yasuguliwe na kurowekwa. Ndani ya vitundu hivyo watazaliana bakteria wenye kazi kubwa. Uchafu wa viumbe hugeuka amonia, ambayo ni sumu. Bakteria hao huigeuza kuwa naitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa naitreti isiyodhuru sana. Jeshi hilo huchukua wiki nne hadi sita kukamilika. Tia chembe chache za chakula cha samaki ili wapate riziki, kisha ngoja mpaka vipimo vya matone vionyeshe kwamba amonia na naitriti zimekwisha kabisa. Tangi langu lilikuwa na siku tatu tu.

Kuhusu umeme, mali bila daftari hupotea bila habari. Pampu ya wati 10 ikifanya kazi usiku na mchana, na taa ya LED ya wati 30 ikiwaka saa 10 kwa siku, utatumia uniti 16 hivi kwa mwezi. Lakini gharama ya kutisha zaidi ni umeme kukosekana. Watu wa Unguja hatujasahau giza la mwezi mzima hivi la mwaka 2008, wala lile la miezi mitatu tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipotuangusha. Waya mpya ulizinduliwa mwaka 2013, lakini tumbawe haliishi kwa matumaini. Maji yakisimama kwa saa nyingi, hewa hupungua. Weka akiba ya pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Na katika miezi ya joto la kaskazi, maji yakikaribia nyuzi 30, feni ikipuliza juu ya maji huyapoza, ila ukumbuke kuongeza kujaza maji.

Tangi likiwa tayari, ndipo huja habari ya mbegu. Tumbawe huzaliana kwa kukatwa: kipande cha sentimita chache kutoka tumbawe mzazi lenye afya hugandishwa kwa gundi kali juu ya kitako kidogo cha saruji kilichorowekwa wiki kadhaa, nacho huota kuwa tumbawe kamili. Kwa wanaoanza, matumbawe laini huvumilia makosa kuliko yale ya matawi. Mkataji avae glavu na miwani, na watoto wakae mbali, maana baadhi ya jamaa za matumbawe, hasa zile ziitwazo zoantha, zina sumu kali sana.

Je, mzazi huyo atoke wapi? Asitoke mwambani kwa mkono wetu. Mwamba wa Chumbe umefungwa kwa wavuvi tangu 1994 ili uwe hifadhi, na Ghuba ya Menai na Mnemba nazo ni maeneo ya hifadhi. Mkataba wa kimataifa wa CITES umeyaorodhesha matumbawe yote magumu, na kuyavusha mpaka kunahitaji kibali. Njia ya haki ni kupata kipande kilichooteshwa na watu, kwa kibali cha maandishi kutoka kwa wahusika wa uvuvi. Kazi ya kuotesha si ngeni kisiwani: huko Jambiani shirika la marinecultures.org limekuwa likishirikiana na wanakijiji kutunza vipande vya matumbawe katika vitalu vya chini ya maji, ili virudishwe mwambani. Ushauri wangu ni kwamba maombi yapelekwe na klabu ya skuli badala ya mtu mmoja mmoja: tangi moja darasani lifundishe watoto arobaini.

Tangi letu sasa lina miezi minane. Lina mawe, mchanga, na vidudu vilivyoingia na maji. Halina tumbawe hata moja, kwa kuwa kibali bado tunakiomba. Kila jioni mwanangu hupima chumvi na joto, huandika katika daftari lake, kisha hutia kikombe cha maji. Mgeni mmoja alimcheka kwa kulea maji matupu. Mtoto akamwonyesha kile kitawi cheupe, ambacho tumekiweka rafuni juu ya tangi, akamwambia, "Hiki tulikileta kabla maji hayajawa tayari."

Ndugu msomaji, nenda ukaanze na maji. Tumbawe litakuja kwa zamu yake, na siku mtoto atakapokuuliza limetoka wapi, uwe na jawabu usiloona haya kulitoa.