KISUKARI NA SAA YA KULA

Mfanyakazi aliyepatikana na kisukari hutoka kliniki na maagizo ambayo yote ni ya haki: ale kwa wakati, apime sukari yake, ameze vidonge au ajidunge insulini kwa saa zilizowekwa, atembee, aangalie miguu yake kila jioni. Akirudi baada ya miezi 3 na sukari ikaonekana iko juu, huulizwa kwa nini hakutii. Twasema kwamba swali hilo limeulizwa nusu. Anayejibu ni mgonjwa peke yake, hali saa zake za kula, za kupumzika na hata za kwenda haja hupangwa na mtu mwingine, ambaye hajapata kuitwa kliniki hata siku moja.

Asidhani mtu kwamba huu ni ugonjwa wa wenye magari na matumbo. Miaka ya 1980, waganga waliopima watu katika vijiji vya Tanzania walikuta wenye kisukari hawafiki mtu 1 katika kila 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012, uliofanywa kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta karibu watu 9 katika kila 100. Chunguzi hizo mbili hazikufanana katika kila jambo, lakini tofauti iliyoko baina yake si ya kupuuzwa. Wenye ugonjwa huu leo wako kiwandani, bandarini, shuleni, hospitalini na barabarani, na wengi wao hawajijui.

Faida ya kuitawala sukari imethibitishwa. Mwaka 1993 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Marekani na Kanada uliofuata watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza. Kwa wale ambao macho yao yalikuwa hayajadhurika, kuishikilia sukari karibu na kiwango cha kawaida kulipunguza hatari ya ugonjwa wa macho kwa asilimia 76. Mwaka 1998 Uingereza nayo ilitoa matokeo yake juu ya kisukari cha aina ya pili. Kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3 kilikuwa 7.0 kwa waliotibiwa kwa nguvu, na 7.9 kwa waliotibiwa kwa kawaida, na madhara ya mishipa midogo, ile ya macho na figo, yakapungua kwa robo. Mfanyakazi anayeambiwa kwamba tarakimu hizi ni mambo ya waganga tu anadanganywa, kwani ni macho yake na figo zake zinazohesabiwa hapo.

Lakini iko habari ya pili, ambayo haitangazwi sana. Utafiti mwingine wa Marekani na Kanada, wa watu 10,251 wenye kisukari cha aina ya pili, ulijaribu kuishusha sukari ya nusu yao hadi kipimo hicho kiwe chini ya 6.0. Mwezi wa Februari 2008 matibabu hayo ya nguvu yalisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa walikuwa wamekufa watu 257 upande wa waliobanwa sana, na 203 upande wa pili. Tangu hapo waganga wenye busara hupanga kiwango cha sukari kwa kumtazama mtu mwenyewe: umri wake, maradhi yake mengine, dawa anazotumia, na kazi anayoifanya. Tarakimu ni mtumishi wa maisha ya mgonjwa. Ikigeuka kuwa bwana wake, huua.

Hapa ndipo mahali pa kazi panapoingia. Mtu aliyejidunga insulini alfajiri, akategemea kula saa sita mchana, akaamriwa kuendelea mpaka saa tisa kwa sababu shehena haijaisha, sukari yake hushuka. Ikipungua 4 huanza kutetemeka, jasho la baridi humtoka, moyo humwenda mbio. Ikizidi kushuka huchanganyikiwa, hujibu ovyo na kuyumba kama mlevi. Dawa yake ni vijiko 3 vya sukari katika maji, kisha kungoja dakika 15 na kupima tena. Badala ya sukari hupewa barua ya onyo kwa ulevi.

Mfanyakazi aliyepatwa na aibu hiyo mara moja hujifunza somo baya. Huanza kuiacha sukari yake iwe juu kwa makusudi, kwa maana sukari ya juu haimwangushi mbele ya msimamizi. Hupunguza dawa, hunywa soda kabla ya zamu, huficha sindano yake chooni. Miezi hupita akionekana mzima. Gharama huja baadaye, katika kidonda cha mguu kisichopona na katika macho yaliyofifia, na siku hiyo kliniki humwuliza tena kwa nini hakutii! Mtu huyu hakukosa akili wala elimu. Alichagua mshahara wa mwezi huu mbele ya mguu wa miaka kumi ijayo, na wengi wetu katika hali yake tungechagua vivyo hivyo.

Sheria haikunyamaza kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 23, yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mapumziko ya dakika zisizopungua 60 akifanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5, na yaruhusu kumfanyisha kazi wakati huo ikiwa tu kazi hiyo haiwezi kuachwa bila mtu wala kufanywa na mwingine. Ni wafanyakazi wangapi wanaokijua kifungu hicho? Sheria hiyo hiyo, ikikataza ubaguzi kazini, imeutaja UKIMWI kwa jina lake, kisukari haikukitaja. Pengo hilo yafaa lizibwe na mikataba ya hali bora.

Wako waajiri watakaosema kwamba uzalishaji hauwezi kusimama kwa ajili ya sindano ya mtu mmoja. Sindano yachukua dakika chache. Sheria iyo hiyo yatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu mshahara, na mguu uliokatwa hauzihurumii hesabu za kiwanda. Wala hatusemi kwamba kila kazi yafaa kufanywa bila tahadhari. Uingereza, dereva atumiaye insulini hutakiwa apime sukari ndani ya saa 2 kabla ya kuanza safari, na tena kila baada ya saa 2 awapo njiani. Huo ni utaratibu unaomlinda yeye na abiria, na humwacha na kazi yake. Ukali wa kumfukuza hufundisha madereva wengine kuficha.

Kuhusu insulini yenyewe, waliovumbua namna ya kuitayarisha huko Toronto waliuza haki zao kwa chuo kikuu mwaka 1923 kwa dola 1 kila mmoja, ili dawa isiwe mali ya wachache. Biashara yake ya dunia leo imo zaidi mikononi mwa makampuni 3. Hilo ni shauri refu, nasi tutalirudia siku nyingine. Kwa leo twataja jambo dogo linalowezekana: mahali pa kuiweka. Utafiti uliotolewa mwaka 2021, uliotokana na kambi ya wakimbizi ya Dagahaley nchini Kenya, ulionyesha kwamba insulini iliyokaa katika joto lenye kupanda na kushuka baina ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu yake kwa majuma 4. Basi mwajiri asiseme hana jokofu. Kabati lenye kivuli na kufuli latosha kwa chupa iliyokwisha funguliwa.

Vyama vya wafanyakazi vitakapokaa tena mezani na waajiri, twataka yaandikwe haya: saa ya kula isisogezwe bila ridhaa ya mgonjwa, awe na ruhusa ya kupima na kujidunga mahali safi, siku ya kliniki isihesabiwe utoro, mtu wa huduma ya kwanza katika kila zamu afundishwe dalili za sukari kushuka, na sukari yenyewe iwekwe katika sanduku lake. Matawi yasingoje makao makuu. Saa ya kula ya zamu ya usiku yaweza kujadiliwa na msimamizi juma hili hili.