Arobaini na Macho ya Mtoto Asiyetimiza Miezi

Katika nyumba za Mji wa Kale, Mombasa, mzazi hukaa ndani siku 40. Hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wa pilipili manga, na mtoto hatolewi nje ovyo. Mila hii ina hekima: humpumzisha mama na kumkinga mtoto na maradhi. Lakini kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya kutimiza miezi, yaweza kugongana na wakati usiongoja.

Mishipa ya damu ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hukamilika karibu na mwezi wa 9 wa mimba. Mtoto akizaliwa mapema, hasa akipewa oksijeni kupita kiasi, mishipa hiyo huweza kuota kombo na kuivuta retina hadi ibanduke. Inakadiriwa kwamba mwaka 2010 watoto wapatao 20,000 duniani walipofuka au kubaki na uoni hafifu mno kwa sababu hiyo. Kwa nje jicho huonekana zima. Daktari wa macho ndiye awezaye kuugundua ugonjwa mapema, na uchunguzi wa kwanza hufanywa yapata wiki ya 4 baada ya kuzaliwa, yaani ndani ya arobaini yenyewe. Ugonjwa ukiwa mkali, tiba ya leza hutakiwa katika siku chache tu.

Aliyeko wodini huchunguzwa hapo hapo. Wa kuhofiwa ni yule aliyekwisha kurudishwa nyumbani.

Je, kosa ni la mila? La hasha! Mzazi akiugua, hupelekwa hospitali kabla ya arobaini na hakuna amlaumuye. Kinachokosekana ni neno. Kadi ya miadi ikiandikwa kwa Kiingereza, haimwambii kitu nyanya, naye ndiye mwenye amri katika siku hizo.

Hapa ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapohusika. Taaluma iliyozalisha istilahi za fonolojia na sintaksia haikosi sentensi moja ya kuwekwa juu ya kadi: “Mtoto huyu hakutimiza miezi, macho yake yatazamwe na daktari kabla ya arobaini kwisha.” Sentensi hiyo haihitaji kamusi. Yahitaji kuandikwa, na kusomwa kwa sauti mbele ya nyanya siku mtoto anaporuhusiwa.